Pale Anapoingia Khatibu

Khatibu alipanga kusema kwamba amefuata mto wake. Ule wa kukalia, uliobaki kwenye kiti cha kinanda, studioni Kensington, tangu siku alipoteleza ngazini kwao Hillbrow, lifti ikiwa imekufa, akavunjika mkono. Wiki nane za plasta, halafu jana Gustave, mpiga ngoma, akampigia: "Wimbo tumesharekodi, mzee." Khatibu akakata simu. Miaka kumi na tisa ya kupiga muziki wa soul pamoja, nyuma ya waimbaji waliopata majina na waliokosa, leo anateremshwa kama abiria kwenye robot, zile taa za barabarani, hata rangi haijabadilika!

"Loo, marehemu kafufuka!" Mselem alimpokea. Mpiga gitaa huyo wa Unguja hakuwahi kumwacha mtu wa Tanga kama Khatibu apite bila utani.

"Nimefuata mto wangu."

"Teksi mbili kwa ajili ya mto? Kaa usikilize kwanza."

Bijou, mwenye studio, akauachia wimbo. Khatibu alingoja kumsikia aliyekirithi kiti chake. Besi ya Damien ikaingia, ngoma ikafuata, gitaa likadonoadonoa. Mstari wa pili ulipoisha, wote wakanyamaza. Pumzi mbili nzima. Kisha wakaendelea kana kwamba hakuna lililotokea. Mstari wa nne, vilevile.

"Mbona mnakatikakatika kama umeme?"

"Waulize wenyewe," Bijou alisema. "Nimewarudisha mara sita, mara sita wananyamaza palepale. Nikaleta mpiga kinanda mwingine, fundi hasa, akayajaza mapengo yote. Wakasema anawakatiza!"

"Anatukatiza kweli," Damien alisema. "Mtu gani anaongea juu ya maneno ya mkubwa?"

"Mkubwa mwenyewe hakuwepo!" Bijou alisema.

"Eish, sasa hilo nalo kosa letu?"

Khatibu aliwatazama. Hakuna aliyekuwa akimbembeleza. Gustave alikuwa amenuna hasa. "Nimejaribu kupiga pale unapoingia wewe," alisema. "Mkono unakataa. Unasubiri."

"Sasa kwenye simu ulishindwa nini kuniambia?"

"Ulikata! Nilitaka kukwambia wimbo haufai, uje."

Khatibu akaenda kwenye kinanda na koti lake mwilini. Kidole cha pete kilikuwa bado kigumu kama kijiti cha mshikaki.

"Basi pigeni wote upya," Bijou alisema.

Mstari wa pili ukaisha, wenzake wakanyamaza. Badala ya noti zake tano za siku zote akatia tatu, kwa vidole vilivyokubali kazi. Zikakaa. Kwenye mstari wa nne alijitia ujasiri, akazitaka zote tano. Kidole kikagoma kwenye ya nne. Jasho likamtoka. Akangoja wenzake wampite.

Hawakumpita. Gustave aliacha vijiti hewani, Damien hakugusa uzi, Mselem alikuwa akitazama dirishani. Hakuna aliyegeuka. Noti ya nne ikaja, ikaja na ya tano, ndipo watatu wakateremka naye kwa mguu mmoja.

Wimbo ulipokwisha Khatibu alishusha pumzi kwa nguvu hata Bijou akaisikia kwenye spika zake.

"Hiyo ndiyo," Bijou alisema.

"Siyo," Mselem alisema. "Tanga wamechelewa. Turudie."

"Turudie," Khatibu alisema, akavua koti.