Mgeni Akifika

Mama Fundi alikuwa fundi cherehani, na mbuzi wake wote aliwapa majina ya kazini: Uzi, Kifungo, Sindano. Beberu aliitwa Pindo kwa ufupi wake, na kwa sababu bila yeye, alisema Mama Fundi, kila kitu kingefumuka. Pindo alikuwa wa kienyeji hasa: masikio madogo, pembe zimekwenda upogo, jeuri haina kipimo. Magonjwa yakipita mtaani, yeye aliendelea kutafuna kamba ya kuanikia nguo.

Mwanawe Mama Fundi, mhasibu, alikuwa hataki hata kumwona. "Mama, huyu ni mbuzi au paka?" Majirani walikuwa wamekwisha kuhasi mabeberu wao na kupandisha majike kwa madume makubwa ya kutoka nje, mpaka Pindo akabaki peke yake mtaa mzima mwenye mbegu ya zamani. Mhasibu akaona hata huyo mmoja ni aibu. Akanunua beberu mweupe, mrefu, masikio yananing'inia kama soksi, akamwita Mgeni, kisha akatuma ujumbe wa sauti:

"Mama, Mgeni akifika tu, mwite daktari amhasi. Usimwonee huruma. Asilale na majike hata siku moja akiwa mzima."

Mama Fundi aliusikiliza pini zikiwa mdomoni, nusura azimeze. Akalia, tena kwa sauti. Alipomzaa mhasibu huyohuyo maziwa yalimgomea, na mtoto akakuzwa kwa maziwa ya mbuzi wa ukoo wa Pindo. Hii ndiyo shukrani?

Mgeni akaletwa kwa gari, akashuka akikohoa. Nyuma yake akaja daktari wa mifugo, mama mmoja mcheshi, koleo la kuhasia begani. Alipomwona Pindo, ucheshi wote ukamtoka.

"Mama Fundi, huyu ndiye wa mwisho. Akihasiwa, mbegu hii imekwenda. Na tukibaki na aina moja, ugonjwa mmoja tu utatufagilia mazizi yote."

"Aliyetoa amri ni mwanangu. Sikiliza mwenyewe."

Akabonyeza simu. Daktari akasikiliza, akainamisha kichwa, akaomba urudiwe.

"Mgeni akifika tu, mwite daktari amhasi."

Wakatazamana.

"Amhasi nani?" daktari akauliza polepole.

"Mimi najua kushona tu. Aliyetajwa hapo ni nani?"

"Mgeni."

"Pindo katajwa?"

"Wala hakuguswa."

"Basi. Na mtoto kasema nisimwonee huruma."

Mgeni alipiga kelele za kigeni, na kazi ikaisha.

Mwisho wa wiki mhasibu alikuja, akaenda moja kwa moja zizini, akarudi mbio mikono kichwani. "Mama! Mmemhasi nani?"

Mama Fundi akamchezeshea ujumbe. Akausikiliza mdomo wazi, akilitafuta jina la Pindo kama mtu anayetafuta miwani aliyoivaa.

"Lakini ulinielewa, Mama!"

"Nilikuelewa vizuri sana." Akaiweka simu chini. "Ila ukoo huu ndio uliokunyonyesha, mwanangu. Huyu akiisha, mwingine nitamtoa wapi?"

Mhasibu akamtazama Pindo, ambaye wakati huo alikuwa anamtafunia kamba ya kiatu. Akakaa juu ya ndoo, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko.

Mvua zilipokuja na kikohozi chake, mazizi ya majirani yakapukutika. Mgeni aliponea chupuchupu, ndani ya koti aliloshonewa na Mama Fundi. Watoto wa Pindo walipiga chafya kidogo, wakaendelea kula. Mtaa mzima ukaanza kuleta majike mlangoni.

Siku moja simu ikalia. Ni ujumbe wa mhasibu, anatamka neno mojamoja:

"Mama, kesho atakuja rafiki yangu. Anataka mtoto dume wa Pindo, akamfuge kwa ajili ya mbegu. Sasa nisikilize vizuri. Mgeni huyu ni mtu. Akifika, mpe chai. Narudia, Mama: chai."