Mashine ya Upepo

Pale gereji walimwita Makelele, na jina lilimkaa. Nesi wa kituo cha afya alipokuja mara ya kwanza kuzungumza na vijana kuhusu magonjwa ya zinaa, ni Makelele aliyewasha mashine ya kujazia upepo. Ikanguruma, nesi wa watu akabaki anachezesha midomo tu. Vijana walicheka hadi wakashika mbavu. Hata shemeji yake, mdogo wa mkewe, alitoka chini ya lori akijifuta machozi.

"Mama, tusamehe, kazi ni kazi!" Makelele alipaza sauti. Nesi akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Laiti angemsikiliza! Wakati huohuo alikuwa na kidonda, mahali ambapo mtu haonyeshi watu. Hakikuuma. Na pale gereji dawa zilitumiwa kama spana, mwenye shida anachukua, zinazobaki ni za wenzake. Pakiti ya vidonge ilikaa kwenye kopo la nati. Makelele alimeza viwili akarudisha pakiti, maana kuvimaliza peke yako ni uchoyo. Kidonda kikapotea. Kwisha habari, akajisemea.

Kumbe wapi! Mkewe alirudi kutoka kliniki, mimba imeshaanza kuonekana, akiwa amechomwa sindano.

"Wamesema ni kaswende. Wanakutaka na wewe."

"Mimi? Nipange foleni na wajawazito? Wanipime mimba?"

Mkewe hakucheka. "Usipotibiwa utanirudishia, na mtoto ataumia."

"Mbona mimi nilishapona."

"Ulishapona nini?"

Makelele akachukua kofia yake akatoka. Kliniki hakwenda, na kitandani waliendelea kama kawaida.

Mtoto alizaliwa amekufa. Wa kiume, vidole vyote kamili. Makelele alimbeba mwenyewe hadi kaburini, kifurushi chepesi kuliko betri ya pikipiki.

Baada ya maziko, mama yake alimgeukia mkamwana mbele ya watu. "Wauguzi wamesema ni ugonjwa wa zinaa. Haya, tuambie ulikuwa unatembea wapi!" Mkewe alimtazama Makelele, mara moja tu, kisha akainamisha kichwa. Makelele, bingwa wa maneno, alijitia kukung'uta udongo mikononi.

Siku aliyorudi kazini, shemeji alimvuta pembeni.

"Shemeji, naomba radhi kwa niaba ya dada. Kama kweli alikosea, tafadhali usimfukuze."

Makelele alifungua mdomo. Hajajibu, nesi akaingia na mkoba wake uleule. Kijana mmoja akamkonyeza Makelele na kuwasha mashine ya upepo. Vicheko vikaanza.

Makelele akaizima.

"Ah, kaka, unatuharibia starehe!"

"Mke wangu hakutembea popote," Makelele alisema. "Ugonjwa niliuleta mimi, kutoka nje ya ndoa. Nikameza vidonge vya kwenye kopo, nikaona nimepona. Kliniki wakaniita, nikafanya mzaha. Mtoto nimemuua mimi."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alikuwa ameshika spana kubwa ya magurudumu, na wenzake wakaanza kusogea kando.

"Dada alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Akatukanwa mbele yetu, na wewe umekaa pale pale?"

"Nilikaa."

Shemeji aliweka spana chini, polepole. Akafuta mikono kwa tambara, kidole kimoja kimoja. "Naenda kumchukua dada yangu," alisema. "Usije kwetu."

Makelele hakumzuia. Angemzuia kwa lipi?

Nesi alisimama katikati ya gereji, akawatazama waliobaki. "Nani mwingine alimeza vidonge vya lile kopo?"

Vijana wakaligeukia kopo la nati. Pale getini, shemeji alikuwa amesimama. Aligeuka, uso umemsawajika, akainua mkono.

"Mimi pia. Na mke wangu," alisema, "ana mimba."