Mahali Ulipochumwa

Umbo la jani lilinichukua siku mbili. Kitabu cha istilahi za mimea kinaliita umbo kama hilo "mviringo mrefu", na yai la kuku nalo ni mviringo mrefu, kwa hiyo nilikifunga kitabu nikaandika nilichokiona: jani refu kama ulimi wa ng'ombe, nene, kijani cha giza upande wa juu, zambarau upande wa chini. Halipukutiki, kiangazi wala masika. Mmea wenyewe unafika gotini. Unapenda kivuli kiasi kwamba pale jua linapopenya, hata kwa tundu la upana wa sahani, hauoti. Maua yake hayako juu. Yanatoka kwenye shina pale linapoingia ardhini, meupe, madogo kama vifungo vya shati, yamefunikwa na majani makavu. Kuyaona lazima upige magoti na kufukua kwa vidole.

Niliandika kwa Kiswahili kwanza. Bi Fadhila wa Dar es Salaam, mtunza mimea mikavu, ndiye aliyeniambia kwenye simu kwamba mmea huu haujawahi kuandikwa na mtu yeyote. Aliposikia naandika kwa Kiswahili akacheka. "Si itabidi utafsiri tu, Beatha?" Nikamwambia nitatafsiri, lakini watakaosoma tafsiri ni wataalamu wa nje.

Niliandikia kwenye meza ya marehemu baba, kijijini kwetu Bombo. Nyumba ina vyumba vinne na mimi mmoja. Tangu nimalize stashahada ya misitu naishi hapa, na wakati naandika jani lile, wiki tatu zilikuwa zimepita bila mtu kupiga hodi.

Sababu ni mshitu. Huo ni msitu mdogo wa ukoo ambamo wavulana wetu walikuwa wakipelekwa jando. Siku hizi wanapelekwa hospitali, lakini msitu umebaki na mwiko wake umebaki: mwanamke haingii. Mimi nilikuwa na mkataba wa kuhesabu mimea ya kivulini katika misitu midogo ya milimani. Kumi na mmoja niliimaliza. Wa kumi na mbili ulikuwa wa kwetu. Nilimwomba ruhusa Baba Mkubwa Tumainieli, kaka wa baba na mtunza mshitu, mara tatu. Mara zote tatu aliniuliza habari za shamba, akaondoka. Mara ya nne sikuomba. Niliingia saa tano asubuhi, nikatoka saa nane na matawi matano ndani ya gazeti. Dorkas, mke wa binamu yangu Loth, akaniona natoka.

Simlaumu. Jambo kama lile halikai tumboni.

Adhabu ya kwetu haina kelele. Hakuna aliyenitukana. Dorkas, aliyekuwa akiazima kinu changu kila wiki, alianza kwenda kutwanga nyumba ya tano. Kanisani watu walikaa benchi langu, lakini upande wa mwisho kabisa, kama kuna mgonjwa amelazwa kati yetu. Nikisalimia naitikiwa, basi. Salamu isiyofuatwa na swali la pili ina baridi kuliko ukungu wa Julai.

Kila asubuhi nilibadilisha magazeti ya kukaushia mimea yangu, maana huku kwetu ukiisahau siku mbili inaota kuvu. Siku moja nilijikuta naisomea matokeo ya mpira kwa sauti.

Jumamosi alasiri Baba Mkubwa akaja.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Alikaa bila kuvua kofia. "Nina mambo mawili. La kwanza, Jumanne kuna msaragambo. Tunazoa tope la ndiva."

Msaragambo ni kazi ya wote: pembe ikilia, kila nyumba inatoa mtu. Ndiva ni bwawa letu, na zamu za maji hugawiwa likishasafishwa.

"Nitakuja, baba."

"Utakuja, na mbele ya watu utaomba radhi. Maneno machache tu, sisi si mahakama. Uje na dengelua, tunywe, yaishe."

"Mzee wa kanisa na pombe ya miwa?"

"Nitaonja tu." Hakutabasamu. "La pili, hiyo karatasi yako. Loth anasema karatasi kama hizo huandikwa mahali mmea ulipochumwa. Futa. Andika umeuchuma mtoni. Mto hauna mwenyewe."

"Mtoni hauoti."

"Nani atajua?"

"Atakayeutafuta. Atakuja mtu miaka hamsini ijayo, atautafuta mtoni, hatauona, atasema umekwisha duniani. Na huku mshitu utafyekwa bila mtu kujua kilichokuwemo."

"Na wakijua uko mshitu, watakuja na magari."

"Vipimo vya ramani sivitoi hadharani. Naandika kijiji na mshitu, basi. Mtu akitaka kuingia ataanza kwa kukuomba wewe."

"Kama ulivyoniomba wewe."

Hapo alinipata.

"Haya, nionyeshe kilichokupeleka," akasema.

Nilifungua gazeti. Alilitazama tawi muda mrefu, kisha akavua kofia. Akalisugua jani kwa kidole gumba, upande wa zambarau, kama mtu anayepima kitambaa.

"Tulilalia haya," akasema. "Mimi na baba yako. Mwaka ule wa mvua nyingi." Alisema na mengine, kwa sauti ya chini, kuhusu baba akiwa mvulana mwoga. Hayo siandiki. Kisha akauliza, "Na huu weupe ni nini?"

"Ua lake."

"Jani hili halina ua. Nimelala juu yake mwezi mzima."

"Ndiyo maana hukuliona, baba. Lilikuwa chini ya mgongo wako."

Alicheka, kicheko kifupi cha kijana. Halafu akakumbuka anaongea na nani, na amesema nini. Mambo ya mshitu hayasimuliwi mbele ya mwanamke, na mtunzaji ndiye aliyeapa kuliko wote. Akavaa kofia.

"Hukusikia kitu."

"Sikusikia."

Mlangoni aligeuka. "Jumanne usiposema neno, pembe ya ukoo haitaiita tena nyumba hii. Si kazini, si msibani, si kwenye maji. Sipendi, Beatha. Lakini ndivyo ilivyo."

Jumatatu nilishuka Same na basi la asubuhi. Kule chini jua lilikuwa kali na upepo unarusha vumbi hadi kwenye meno. Kwenye ofisi ya vifurushi stendi, dada mmoja aliyevaa ushungi wa bluu aliupima mzigo wangu mkononi.

"Ndani kuna nini?"

"Majani."

"Ya dawa?"

"Hapana."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Sasa dada, yanaenda Dar kufanya nini?"

Ukimwacha Baba Mkubwa, alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza swali la pili kwa wiki zaidi ya tatu. Nilitaka kumweleza yote, tangu ulimi wa ng'ombe hadi vifungo vya shati, lakini nyuma yangu foleni ilishaanza kuguna. Nikasema, "Yanaenda kupewa jina," nikampisha mwenye godoro.

Kwenye kibandiko cha kila tawi mstari wa mwisho unasema: mahali ulipochumwa. Nilikuwa nimeujaza kwa kalamu isiyofutika. Mshitu wa ukoo, Bombo, Pare Kusini.

Jumanne pembe ililia, nikaenda na jembe langu. Tulifika watu kama sitini. Tulijipanga mstari wa kupokezana makarai ya tope, na kila upande wangu ikabaki nafasi ya watu wawili. Bibi Esta, ambaye hana jino hata moja na hamwogopi mtu, akapaza sauti, "Kilichoingia mle ni miguu! Mikono haina kosa, ipeni karai!" Watu wakacheka, mstari ukasogea, karai likanifikia kutoka kwa Dorkas.

"Mle ndani kuna nini?" akaninong'oneza, macho kwenye tope.

"Kuna kivuli, na ua jeupe."

"Kubwa?"

Loth akakohoa. Dorkas akageuza uso.

Tope lilipokwisha, Baba Mkubwa akasimama ukingoni.

"Beatha, mwanangu. Dengelua umekuja nayo?"

"Sikuja nayo, baba."

"Neno je, unalo?"

Aliniangalia, na mkono wake ukaenda kwenye kofia. Sote wawili tulijua kwamba nikirudia maneno yake mawili tu ya Jumamosi, atakayesimama kuomba radhi ni yeye. Nikayaacha yalipo. Na nisidanganye: nililitamani lile neno jingine pia, la kuomba radhi, dogo, rahisi. Ningelisema na jioni Dorkas angekuja kuazima kinu, angekaa jikoni kwangu mpaka chai ipoe. Nilikitamani kicheko cha mtu mwingine ndani ya nyumba ile.

"Ninalo," nikasema. "Niliomba kuingia mara tatu, hukunijibu. Nikaingia. Nilipiga magoti, nikachuma matawi matano, sikukata mti. Jana nimeyatuma, na jina la mshitu limekwenda pamoja nayo. Mengine mtaamua ninyi. Mimi radhi siombi."