Kumwamkia Mtani

Zimwi likujualo ndilo litakalokula likakumaliza. Lisilokujua litahangaika kwanza kutafuta pa kuanzia. Lile mlilozoeana linajua nyama laini iko wapi, na linakula huku mnacheka. Nilicheka na Bwanali miaka miwili.

Mimi ni fundi wa tovuti, Newala mjini. Natengeneza tovuti za watu, kisha nazitafutia pa kukaa, maana tovuti haikai ndani ya simu ya mtu. Inakaa kwenye seva, kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, nami sina hiyo. Kwa hiyo nanunua nafasi kwa jumla, nawagawia wateja kwa rejareja, kama mwenye duka anavyonunua gunia la sukari akapima kilo kilo. Jumla yangu nilikuwa nachukua kwa Bwanali, pale Masasi. Naye alikuwa anachukua kwa mtu mwingine ambaye hakuwahi kunitajia.

Ukoo wake na wetu ni watani. Yeye Myao, mimi Mmakonde, na tangu siku ya kwanza hatukuwahi kusalimiana kama watu. Salamu yetu ilikuwa tusi. Ana miaka zaidi ya hamsini, mimi ishirini na sita, lakini utani hauulizi umri.

Tovuti zilikuwa zinaanguka. Si kila siku. Zinakaa wiki mbili vizuri, unaanza kusahau, halafu siku moja unafungua unakuta ukurasa mweupe. Hapo nampigia.

"Bwanali, tovuti zimelala tena."

"Zimelala? Labda panya wamekata waya."

"Panya gani wa Masasi hao?"

"Hawa hawa. Ningewafukuza, lakini nawahifadhi. Nikiwaua wewe utakula nini ukija?"

"Sema ukweli, wewe jana ulisikia ngoma mtaa wa pili ukaiacha seva inaungua. Myao na ngoma, nani atawatenganisha?"

Tunacheka mpaka salio linakata. Baada ya saa tano au sita tovuti zinaamka. Sijui nani kaziamsha, wala zililala kwa nini. Nikawa naamini kwamba nimelalamika.

Mwezi wa tano Mama Pancras alinisimamisha nje ya chuo chake. Jina lake Dominika. Ana vyumba viwili na vyerehani kumi na viwili, anafundisha wasichana ushonaji. Ndiye mteja wangu wa kwanza. Alinipa kazi wakati hata ndugu zangu walikuwa wanauliza stashahada yangu inapikwaje.

"Shikamoo, Mama Pancras."

"Marahaba, mwanangu. Dorika, juzi nilikifungua chuo changu kwenye simu nikakuta peupe. Nikadhani wamenifungia."

"Ilikuwa seva, Mama. Imerudi."

"Naona imerudi. Sasa nisikilize. Lile shirika nililoliomba ufadhili limekubali kulipia wasichana, ila wawe thelathini au zaidi, na wote wajaze fomu kwenye tovuti wenyewe. Karatasi hawataki. Fomu inafunguliwa Jumatatu ya tarehe kumi mwezi ujao, inafungwa Ijumaa saa kumi jioni. Wakipungua thelathini, darasa hakuna. Wiki hiyo pakiwa peupe, nitafanya nini?"

Swali lake likaniwasha. Nilirudi nyumbani nikachukua daftari, nikapitia simu na ujumbe wa miaka miwili. Nikaandika siku tovuti zilipoanguka, saa ziliporudi, nilichomwambia Bwanali, na alichonijibu. Zilikuwa mara kumi na nne. Nikasoma majibu yake peke yake, kutoka juu mpaka chini. Panya. Jogoo. Mkwe wangu atakavyokuwa kipara. Muhogo mchungu. Kati ya majibu kumi na manne hapakuwa na hata moja linalosema "nitarekebisha". Ndipo nikasoma safu yangu mwenyewe. Hapakuwa na hata neno moja linalosema "rekebisha".

Je, lalamiko lililosemwa kwa kicheko ni lalamiko? Sikujua. Mpaka hapo sikuwa nimewahi kujiuliza.

Nikatafuta wauzaji wengine wa jumla, nikaangukia kampuni moja ya Dodoma. Matangazo sikuyaamini, kila mtu anajisifu. Nikaomba wiki mbili za majaribio, nikatengeneza tovuti ya uongo yenye picha tisa za kuku wa jirani, halafu nikaifuta yote makusudi. Nikawaandikia saa kumi na mbili alfajiri: nimeharibu, naomba nirudishiwe ya jana. Nilitaka kuona nani ameamka.

Alikuwa ameamka mtu anaitwa Cecil. Aliandika Kiswahili kilichonyooka, kisicho na mbwembwe. "Asante kwa taarifa. Tunashughulikia. Tutakujibu ndani ya dakika arobaini." Ilipofika ya thelathini na nane akaandika tena: "Picha zote tisa zimerudi. Kuku wa nne anaonekana amevunjika mguu. Je, ilikuwa hivyo tangu awali?"

Nikamjibu ndiyo, alizaliwa hivyo. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa utani.

Nilimsumbua Cecil siku kumi. Nilimuuliza nafasi yetu wanaigawana watu wangapi, akanitajia. Nilimuuliza nakala za akiba zinakaa wapi, akanitajia. Nilipomuuliza Bwanali maswali hayo hayo, alinijibu kwamba nakala anazificha chini ya kitanda, pamoja na mahari aliyoiandaa kwa ajili ya bibi yangu. Nilicheka, siwezi kukataa. Kisha nikaanza kuhama.

Mafaili yalihama Ijumaa na Jumamosi, siku mbili kabla ya fomu kufunguliwa. Kilichobaki kilikuwa kitu kimoja. Jina la tovuti ni kama kibao cha barabarani: mtu anaandika jina, kibao kinamwelekeza kwenye seva. Mafaili yanaweza kukaa Dodoma, lakini kibao kikiendelea kuelekea kwa Bwanali, watu watakwenda kwa Bwanali. Na mwenye mamlaka ya kugeuza vibao alikuwa yeye. Majina yote alikuwa ameyasajili kwenye akaunti yake, nami nilikuwa nimemwacha, kwa kuwa ni mtani.

Jumapili nikampigia.

"Bwanali, nahama. Nigeuzie majina yaelekee Dodoma. Nimekutumia maelezo."

Akaangua kilio, kilio kabisa cha msibani. "Uwiii! Mmakonde amekufa! Nani atakula panya wangu?"

"Geuza, Bwanali."

"Siwezi. Maiti nimeiteka. Unajua taratibu. Leta jogoo uikomboe."

Taratibu ninazijua. Kwetu, ukifiwa, watani ndio wanaokuja kukufanya ucheke. Wanateka sufuria jikoni, wanateka hata jembe la kuchimbia kaburi, na hawaachii mpaka uwape chochote, sigara au kuku. Huwezi kukasirika, maana ukikasirika umeshindwa. Nami nikacheka, nikamwambia jogoo wa Kimakonde hawezi kuliwa na Myao asiye na meno. Jumatatu na Jumanne seva yake ilisimama vizuri. Wasichana kumi na tisa wakajaza fomu, zikaenda moja kwa moja kwa shirika. Nikajipa moyo.

Jumatano saa mbili asubuhi ikaanguka.

"Bwanali, sitanii. Fomu ya watu ipo humo."

"Maiti imeanza kunuka? Jogoo yuko wapi?"

"Nasema sitanii!"

"Hahaa! Huo ndio utani wenyewe!"

Nilimpigia mara tano. Kila nilipokaza sauti, yeye alizidi kufurahi. Nilimwandikia ujumbe mrefu, akanijibu kwa picha ya jeneza. Kufika jioni Mama Pancras alikuwa amepokea simu kutoka Lukuledi, Chiwata na Chidya: fomu haifunguki. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kumi na tisa, Dorika?" Nikamjibu, "Kumi na tisa, Mama."

Alhamisi kulipokucha nikashuka Masasi.

Njiani nilikuwa na swali moja tu. Watani wawili wakitaka kusemezana kweli, wanafanyaje? Lazima ipo njia. Babu zetu walikopeshana mbegu, walioana, walizikana. Haiwezekani kwamba siku zote walikuwa wanatukanana tu. Kwa mtu wa kawaida, ukitaka ajue umekasirika unamtukana. Sasa mtu ambaye kumtukana ndiyo mapenzi yenyewe, unamfanyaje?

Duka la Bwanali linauza simu, chaja na karatasi. Aliniona tangu nikiwa ng'ambo ya barabara. Nilipofika mlangoni tayari alikuwa amejifunga kanga ya mkewe kichwani, amejipaka unga usoni, anajigaragaza kwenye kiti. Wateja wanne watano walikuwa wanakufa kwa kicheko. Mkewe, Siti, alikuwa nyuma ya kaunta anajifuta machozi.

"Wafiwa wamefika!" Bwanali alilia. "Mmakonde, jogoo yuko wapi? Au umemla njiani?"

Watu wote wakanigeukia, wanangoja. Nilikuwa na jibu zuri sana kuhusu ule unga na uso wake, lilinifika mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Nikakunja goti kidogo, kama ninavyofanya kwa baba yangu mzazi.

"Shikamoo, Mzee Bwanali."

Mtu mmoja alicheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza.

Bwanali alibaki na mdomo wazi. Unga ulikuwa unamdondokea kifuani. "Unasemaje?"

"Shikamoo, Mzee."

"Acha hizo. Dorika, acha."

Nilibaki nimeinama. Niliona anavyotafuta pa kupita. Akiitikia, basi yeye ni mzee na mimi ni mtoto niliyekuja na shida, na mzee hawezi kujifunga kanga mbele ya shida ya mtoto. Asipoitikia, amekataa shikamoo ya mtoto wa mwenzake mbele za watu.

"Itikia, mume wangu," Siti alisema taratibu. "Umeamkiwa."

Alivua kanga kwanza. "Marahaba," akasema, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia.

Nikamwekea daftari juu ya kaunta. "Mzee, kuna wasichana wanaotaka kusoma ushonaji. Wanatakiwa thelathini, wapo kumi na tisa. Fomu yao imefungwa tangu jana asubuhi kwa sababu seva imeanguka na majina yapo kwako. Kesho saa kumi jioni ndiyo mwisho. Naomba uyageuze sasa hivi."

Akavaa miwani, akaivuta kompyuta. Sikuona ubishi. Aliandika polepole, mimi nikimsomea herufi moja moja, majina kumi na moja ya wateja wangu wote. Alipomaliza akalivuta daftari, akasoma ukurasa ule wa mara kumi na nne. Akausoma tena.

"Hukuwahi kuniambia," alisema.

"Nimekuambia mara kumi na nne."

"Ulikuwa unacheka."

"Na wewe ulikuwa unacheka. Anayenunua chaja hapa asipocheka na wewe, humwuzii?"

Aliuliza lingine, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli. "Huyo wa Dodoma anatumia muda gani kujibu?"

"Siku ya kwanza, dakika thelathini na nane. Siku nyingine kumi."

"Na anakutania?"

"Hapana. Kwao kila lalamiko lina namba. Ninaitwa tiketi namba fulani."

Akatikisa kichwa. Sikujua ananionea huruma mimi au anajionea yeye.

Vibao vilichukua saa kadhaa kugeuka kila mahali. Saa tisa alasiri Mama Pancras akanipigia: fomu imefunguka Newala. Saa kumi na moja ikafunguka kwa mtu wa Chidya. Usiku huo Mama Pancras aliwapigia tena wote waliomlalamikia, mmoja baada ya mwingine, na wengine aliwafuata kwa walimu wao. Ijumaa saa sita mchana walikuwa ishirini na wanane. Saa nane, thelathini. Saa kumi kamili fomu ilipofungwa, thelathini na watatu. Msichana mmoja wa Lukuledi alipiga saa kumi na dakika tano. Alikuwa amejaribu Jumatano yote, akakata tamaa, akairudisha simu kwa dada yake aliyemwazima. Huyo alikosa.

Jumamosi Bwanali akapiga. Hakuanza kwa tusi. Nilisubiri, halikuja.

"Wamefika wangapi?"

"Thelathini na watatu."

"Afadhali. Sasa Dorika, kuna jambo. Uniombe radhi."

"Kwa kuhama?"

"Kuhama ni biashara, wateja wanahama kila siku. Uniombe radhi kwa kuniamkia. Mtani hamwamkii mtani, tena mbele ya watu. Leo vijana wanapita dukani wananiita mzee. Hakuna anayenitukana. Umeniua, na hakuna wa kunizika."

Sauti yake haikuwa na mchezo. Niliisikia, na iliniuma, maana nilimpenda yule mtu na matusi yake, na pengine sitapata mwingine. Nikajiuliza kwa dhati kama palikuwa na mlango mwingine. Nilikuwa nimempigia, nimemwandikia, nimekaza sauti, nimesema sitanii mpaka neno lenyewe likachakaa. Nikamfikiria yule wa Lukuledi.

"Bwanali," nikamwambia, "sikuombi radhi. Si leo, si kesho, wala ukinitumia wazee. Seva yako ikimwangukia mtu mwingine, naye ukamchekea, nitakuja tena nikuamkie."