Kwa Pamoja au Kila Mtu Kivyake

Mimi ndiye niliyemwambia Orrin talaka isubiri mpaka Januari. Serikali yetu haijali kama mligombana mwaka mzima. Desemba ikiisha bado wewe ni mke wa mtu, basi kwenye kodi unahesabiwa mke mwaka wote. Nikamwambia tukijaza fomu kwa pamoja tutaokoa hela. Akakubali pale pale.

Uongo mtupu. Nilitaka tu Krismasi moja zaidi nimsikie akikoroma chumba cha pili.

Krismasi ikaja, tukala kimya kama wageni wa hotelini. Mdomo wangu huu usiojua kupumzika, siku hiyo ukagoma. Januari hakimu akatia sahihi, Orrin akahamia kwa dada yake, upande wa pili wa mji wetu wa Duluth.

Machi akaja tujaze hiyo fomu. Akabisha hodi, tena kwenye nyumba aliyoishi miaka ishirini! Nikamkatia keki, nikawasha kompyuta. Ikauliza: mnajaza kwa pamoja au kila mtu kivyake? Nikajaribu hivi, nikajaribu vile, kodi ikabaki ile ile. Sote walimu wa shule moja, mshahara sawa; nafuu ingetoka wapi? Uso ukaniwaka kwa aibu.

"Marlys," akasema, "mimi nafundisha hesabu."

"Najua unafundisha nini."

"Siku ile ile uliponiambia, nilikaa nikapiga hesabu. Nikaona hatuokoi chochote."

Nikamuuliza sasa mbona alikubali.

"Nilidhani utaniambia sababu yenyewe. Nikangoja Krismasi nzima. Hata mahakamani nilikuwa nangoja."

"Jamani, Orrin. Na mimi nilikuwa nangoja wewe useme."

Nilikuwa namtamani mume wangu mpaka kifua kinauma, naye yuko mbele yangu anakula keki, na si mume wangu tena. Akasogea kwenye kompyuta, akachagua kwa pamoja. Akasema mwaka jana tulikuwa mke na mume, tuandike ukweli. Kisha akasimama, akachukua koti lake.

"Usiende," nikasema. Nilisema wazi, sikuzungusha. "Sikutaka uondoke, na sasa hivi sitaki."

Akasita, mkono mmoja tayari ndani ya koti. Machozi yalikuwa yakimlengalenga.

"Mwaka jana ningekaa," akasema. "Sasa nimeshajizoeza kutokungoja, Marlys. Usinirudishe kule."

Akaingiza mkono wa pili, akanishukuru kwa keki.