Mama Dakika

Mume wangu ana mabega mapana kuliko mlango wetu wa choo, ndiyo maana mtaa mzima unamwita Mabega. Akili zake zingepita kwenye tundu la ufunguo bila kugusa pembeni. Nasema hivi nikiwa nimetulia. Mngenikuta Jumanne mngesikia mengine.

Tuna jimu. Juu tunaishi, chini ndipo kazini, na kwa kuwa zamani palikuwa gereji, siku za joto sakafu bado inatoa harufu ya oili. Kuna benchi tatu, vyuma vya uzito mbalimbali, kioo kirefu chenye ufa kwenye kona, na bomba la kujivuta lililochomelewa juu ya nguzo mbili. Asubuhi nafundisha mimi, jioni anafundisha yeye. Tulipanga hivyo kwa sababu tukifundisha pamoja tunagombana, na wateja wanaweka vyuma chini ili wasikilize vizuri.

Ugomvi wenyewe ni mmoja tu tangu tuoane: kila msuli upewe muda gani. Mimi nasema kifua, mgongo au miguu, dakika ishirini zinatosha, ukizidisha sana nusu saa. Mikono ni robo saa, kwa sababu ilishafanya kazi ulipokuwa unafanya mgongo. Halafu unaiacha ipumzike siku mbili ndipo unairudia. Yeye anasema siku moja msuli mmoja, na huo msuli unaubana mpaka ulie. Ukimuuliza mpaka saa ngapi, anacheka.

"Misuli haijui kusoma saa," anasema. "Ukiangalia saa umeshashindwa."

Nilinunua saa kubwa ya mviringo nikaitundika juu ya kioo. Wateja wake wa jioni wakanipa jina la Mama Dakika. Nikipita na ndoo ya kupigia deki wananiuliza, "Mama Dakika, tumebakiza ngapi?" na anayecheka kwa sauti kuliko wote ni mume wangu.

Mwaka huu mdogo wangu alikuja kukaa nasi. Kiwanda cha magodoro alichokuwa akifanyia kazi kilifungwa, akafika na begi moja, akalala kwenye kochi la sebuleni. Ni mtu mzima mwenye aibu ya mtoto. Akitaka chumvi mezani hasemi, anasubiri umalize kula ndipo aivute. Mabega akimwambia sogea, anasogea. Akimwambia osha gari, anaosha. Jibu lake ni moja siku zote: "Sawa, shemeji."

Kitu kimoja tu ndicho alichokuwa anakitaka kwa moyo wake wote, nacho ni kazi ya zimamoto. Mara mbili aliomba wakamrudisha kwenye makaratasi. Safari hii wakamwita kwenye usaili wa nguvu: kubeba gunia hadi ghorofa ya nne, kuburuta mpira wa maji, na kujivuta kwenye bomba mara kumi, kila mara unaanza mikono ikiwa imenyooka kabisa. Hawachukui mtu aliyevuka miaka ishirini na mitano, naye mwezi ujao anatimiza ishirini na sita. Alhamisi hii au basi tena.

Kwa hiyo nilimfundisha mwenyewe, asubuhi kabla wateja hawajafika, kwa miezi mitatu. Mgongo dakika ishirini, mikono robo saa, miguu dakika ishirini, nenda ukaoge. Mabega alikuwa anatutazama kutoka kwenye ngazi na kikombe chake cha chai. "Haya siyo mazoezi," alikuwa anasema. "Haya ni kujinyoosha kabla ya kulala." Mwanzoni mdogo wangu alijivuta mara tatu, ya nne akaning'inia kama nguo iliyoanikwa. Wiki mbili kabla ya usaili alifika kumi na mbili. Nilimwona akijitazama kwenye kioo kwa kuibia, nikajifanya nafuta benchi.

Sasa, wiki iliyopita fundi friji mmoja, mteja wa jioni wa miaka mingi, alimmwaga Mabega hadharani. Alisimama katikati ya jimu na taulo shingoni akasema anahamia asubuhi moja kwa moja. "Tangu nianze kujaribu asubuhi kwa mkeo nimejaa zaidi, na jioni nawahi kula na watoto. Wewe unatuchosha tu, bwana." Watu walicheka. Mabega naye alicheka, lakini namjua, alicheka kwa meno. Asubuhi yake alikoroga chai mpaka ikapoa.

Ningebaki, yasingetokea. Lakini mama yetu alikuwa anafanyiwa operesheni ya jicho, na mtu wa kumwuguza ni mimi. Niliondoka Jumamosi. Mlangoni nilimwambia mdogo wangu, "Umeshamaliza kazi. Pumzika, kula, tembea kidogo. Na shemeji yako akikwambia kitu, kubali tu yaishe, sitaki kurudi nikute nyumba inawaka."

"Sawa, dada."

Nilirudi Jumanne mchana. Nilipitia jimu kwanza, na kitu cha kwanza nilichokiona ni ukuta. Juu ya kioo kulikuwa na duara jeupe na msumari. Saa yangu niliikuta stoo, imegeuzwa uso chini kati ya ndoo na mafagio. Hapo hapo damu ikaanza kunichemka, na nilikuwa bado sijapanda ngazi.

Mdogo wangu alikuwa amekaa jikoni, mikono ameikunja mbele kama mtu aliyebeba beseni. Mezani kulikuwa na bilauri ya maji yenye mrija.

"Acha masihara," nikamwambia. "Njoo unipokee mzigo."

"Siwezi kunyoosha, dada."

Nilimshika mkono. Ulikuwa umevimba kuanzia bega hadi kiwiko, ngozi inang'aa, mgumu kama mti. Nilijaribu kuunyoosha kidogo tu, akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwake. Haukunyooka, na wala haukukunjika ukafika mdomoni. Alikuwa hajala tangu jana yake kwa sababu aliona aibu kumwomba Mabega amlishe.

"Na kuna jambo jingine," alisema, akaangalia sakafu. "Ni jambo la chooni. Naona haya kukuambia."

"Sema, mimi ni dada yako."

"Mkojo unatoka kama kahawa."

Niliita teksi, nikamfunga vifungo vya shati na viatu, nikamshusha ngazi nikiwa nimemshika kiunoni.

Daktari alikuwa mwanamke mwenye sauti ndogo. Alimtazama mikono, akauliza ilifanyishwa kazi kwa muda gani, akaandika, akauliza tena kana kwamba hakusikia vizuri. Halafu akatueleza. Misuli ikitumikishwa kupita kiasi inapasuka, na taka zake zinaingia kwenye damu. Figo ndizo zinazosafisha damu, na za kwake zilikuwa zinahangaika. Angelazwa, angewekewa dripu, wangemwangalia siku hadi siku.

"Alhamisi nina usaili," mdogo wangu alisema.

"Alhamisi utakuwa hapa," daktari akajibu. "Tuombe figo zifanye kazi. Huo ndio usaili wako."

Nesi alipomaliza kumtafutia mshipa, nilivuta kiti karibu na kitanda. Nilikuwa na hasira hata na yeye, siwezi kusema uongo. Mtu mzima mwenye mdomo, kwa nini hakukiweka kile chuma chini akaenda zake?

"Alisema Jumapili tufanye mikono tu," alinieleza polepole. "Alisema dada yako amekubembeleza, mimi nitakumalizia. Akatoa saa ukutani. Baada ya nusu saa mikono ilianza kutetemeka. Ikaja ikaacha kutetemeka, nikawa siisikii. Nikimaliza chuma kimoja ananipa kingine. Alikuwa anacheka, dada, alikuwa na furaha. Akasema ukirudi utaona."

"Sasa kwa nini hukuacha?"

Alinitazama kama mimi ndiye mgonjwa.

"Nakula kwake. Nalala kwenye kochi lake. Nimwambie nimechoka?" Akageuza uso upande wa dirisha. "Na wewe ulisema nikubali tu yaishe."

Nilimvutia shuka miguuni. Mtu wa kuyajibu hayo hakuwa pale.

Nilirudi nyumbani jioni kumchukulia nguo. Nikiwa nje nilisikia vyuma vinagongana. Mabega alikuwa amesimama kwenye kichwa cha benchi, mtu amelala chini yake anasukuma kifua, wengine sita wamezunguka.

"Umerudi!" akasema. "Mama anaendeleaje?"

"Anaona. Wewe je?"

Wawili walicheka, wakaniangalia usoni, wakaacha.

"Ulimfanyisha mdogo wangu mikono kwa muda gani?"

"Nani, shemeji? Jumapili ile?" Alikunja mikono kifuani, kifua kikapanda. "Tulikaa kama saa mbili na ushee. Ana moyo yule, umemlea kama yai tu. Bomba linataka mikono, na mimi nimempa mikono."

"Amelazwa."

"Amelazwa wapi?"

"Unafikiri wapi, hotelini? Figo zake zinachuja misuli uliyoichana. Anakunywa maji kwa mrija. Mikono haifiki mdomoni, na wewe ulikuwa unapita jikoni unaona!"

"Nilijua ni maumivu ya kawaida. Kila mtu huwa anavimba kidogo." Aliwageukia wenzake, anatafuta shahidi. "Hawa wote nawafanyisha hivyo hivyo. Kuna hata mmoja aliyelazwa?"

Mmoja alianza kuvaa shati. Yule wa kwenye benchi alikuwa bado ameshika chuma juu ya kifua chake, mikono inamtetemeka, hajui akiteremshe au asubiri tumalize.

"Hawa wakichoka wanakwambia wamechoka," nikasema. "Wanaweza wakaenda nyumbani kwao. Yule nyumbani kwake ni kwako."

"Nilitaka apite usaili!"

"Ulitaka kunionyesha mimi."

Nilidhani atabisha. Badala yake alishusha sauti, na hapo ndipo aliponikata maini kabisa.

"Fundi yule alinidhalilisha mbele ya watu wangu," alisema. "Na wewe ulikuwepo, ukanyamaza."

"Kwa hiyo ukachukua mikono ya mdogo wangu ukaenda kumjibu fundi friji."

Nilikwenda stoo, nikaleta saa, nikapanda kwenye benchi tupu nikaitundika kwenye msumari wake. Nilichukua nguo juu, nikaondoka. Nyuma yangu nilisikia chuma kinawekwa chini, halafu kingine.

Jumatano nzima Mabega hakutokea hospitali. Alipiga simu, sikupokea. Figo za mdogo wangu zilianza kukubali, mkojo ukapungua weusi, na nesi akasema tumshukuru Mungu.

Asubuhi ya Alhamisi nilikuwa namlisha uji. Wodi ilikuwa na vitanda vinane na saa moja ukutani, juu ya mlango, mkabala na kitanda chake. Niliona macho yake yanakwenda pale kila baada ya kijiko. Usaili ulikuwa saa tatu kamili.

Mabega aliingia dakika kumi kabla. Alikuwa amevaa shati la mikono mirefu, kitu ambacho hajafanya tangu siku ya harusi, na ameshika chupa ya maji na mfuko wa machungwa. Wagonjwa wote walimtazama. Alisimama miguuni mwa kitanda, hajui aweke wapi huo upana wake.

"Pole, shemeji."

"Nimeshapoa, shemeji."

"Dada yako ananiona kama mnyama." Alijaribu kucheka. "Ukitoka tutaanza upya, polepole. Saa moja tu kwa siku, haizidi."

Mdogo wangu aliangalia mikono yake juu ya shuka, bado imekunjika, dripu kwenye mmojawapo.

"Sawa, shemeji," alisema.

Nilisimama, nikamwekea Mabega bakuli mkono mmoja na kijiko mkono wa pili.

"Mlishe."

"Mimi?"

"Wewe. Mikono si unayo?"

Aliketi. Kiti kililia. Kijiko kilipotea ndani ya vidole vyake, na cha kwanza alikimwaga nusu kwenye kidevu, akafuta kwa mkono wa shati. Mdogo wangu akafungua mdomo, akameza, akafungua tena, kwa adabu zile zile. Mabega alitupia jicho mlangoni, juu.

"Kuna mtu anakuja jimu saa tatu na nusu, anataka kununua benchi moja," alisema.

"Usiangalie saa," nikamwambia. "Ukiangalia saa umeshashindwa."

Akainamisha kichwa, akachota tena. Nilisimama nyuma yake nimefunga mikono, na sikumwonea huruma hata kidogo. Mshale mkubwa ulifika juu kabisa. Mdogo wangu aliutazama, akakwepa kijiko.

"Sasa hivi wanaitwa," alisema.

Mabega alishikilia kijiko hewani.

"Akina nani wanaitwa?"

Mdogo wangu alinitazama mimi, halafu akamtazama yeye.

"Hamna kitu, shemeji," alisema, akafungua mdomo.