Vidonge Vitupu

Nywele za Yolima Carreño zilianza kutoka mwezi wa Machi, kiduara kimoja nyuma ya sikio, upana wa kifungo cha shati. Kufika Krismasi hakubaki na unywele hata mmoja, kichwani, kwenye nyusi wala kwenye kope. Alikuwa na miaka arobaini na mmoja, mshonaji katika karakana ya viatu mjini Bucaramanga, na wenzake kazini, waliozoea kumtania kwa kila jambo, waliacha kumtania. Hilo lilimuuma kuliko kioo. Mumewe, Fabio, alimwambia yeye ni yuleyule. Alisema kwa upole, macho yakiwa kwenye sahani yake.

Miaka miwili alichomwa sindano kichwani, akapaka maji ya kitunguu hadi nyumba nzima ikanuka. Kisha Daktari Rueda, daktari wa ngozi, akamwambia kuna dawa inayojaribiwa.

"Mwili wako unazipiga vita nywele zako mwenyewe," alimweleza. "Kidonge hiki kinautuliza. Lakini kinapunguza kinga pia, kwa hiyo damu tutaipima kila mwezi. Na katika kila watu watatu, mmoja atapewa kidonge kitupu, kisicho na dawa. Nani kapewa kipi, hata mimi sijui."

"Sasa nikiangukia kitupu?"

"Utakuwa umewasaidia wengine, mama."

Yolima alitia sahihi kurasa kumi na moja. Alisoma tatu.

Kwenye benchi la kliniki ndipo alipokutana na Evangelina, mwalimu mstaafu, mwembamba, aliyevaa wigi lililochanwa vizuri kama anakwenda harusini.

"Hilo halikuwashi, mwalimu?" Yolima alimuuliza siku ya pili ya mahudhurio yao.

"Linawasha kama upupu. Lakini nimefundisha miaka thelathini na mmoja, wanafunzi wangu wako kila kona ya mji huu. Sitaki wanione kama yai."

Yolima alicheka, kicheko chake cha kwanza cha dhati baada ya miezi mingi. Tangu siku hiyo wakawa wanapangiwa tarehe moja, na wakitoka kupimwa damu wanavuka barabara kwenda kunywa kahawa na kula arepa, mikate ya mahindi.

Wiki ya tisa, Yolima akiwa uani anaanika nguo, Fabio alimsogelea akamshika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuzia juani. "Tulia," alisema. "Kuna kitu." Vilikuwa vinyweleo vyeupe, laini kama vya kifaranga. Yolima alikaa chini kwenye saruji iliyolowa akalia. Mwezi wa nne wa dawa zilikuwa nyeusi, na nyusi zimerudi. Karakanani walianza tena kumtania, kwamba anafanana na mwanajeshi aliyetoroka kambini.

Evangelina hakuota unywele hata mmoja.

"Mimi wamenipa unga wa mahindi," alisema, akikoroga kahawa isiyokuwa na sukari. "Kila asubuhi nameza unga wa mahindi kwa heshima zote."

"Subiri kidogo, mwalimu. Wengine huchelewa."

"Nina miaka hamsini na minane. Nisubiri mpaka lini?" Akaweka kijiko mezani. "Wewe zako zimeshaota. Nigawie, Yolima. Siku moja umeze wewe, siku moja nimeze mimi. Hakuna atakayejua."

Yolima alitazama barabarani. Alijua halifai. Alijua pia jinsi mtu anavyoamka akapapasa mto kabla hajapapasa kichwa.

"Na vya kwako? Wanavihesabu vilivyobaki."

"Nitavimeza vilevile. Niliahidi kuvimeza. Unga haujamuua mtu."

Basi wakagawana. Yolima alimhesabia kumi na vinne ndani ya leso, hapohapo mezani, na mwezi uliofuata vingine kumi na vinne.

Mwezi wa tatu wa kugawana, Evangelina hakuja. Nesi, bila kuinua kichwa kwenye makaratasi, alisema bibi yule amelazwa. Mkanda wa jeshi umempanda usoni, umeingia jichoni.

Yolima aliingia kwa daktari akatoa mkono apimwe shinikizo la damu.

"Limepanda," alisema Daktari Rueda. "Kuna jambo?"

Alikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake mkono wake mwingine ulipanda wenyewe ukagusa nywele za kisogoni, nene, zilizoanza kujikunja.

"Hakuna, daktari."

Siku mbili alishona vibaya. Alitoboa ngozi pasipotakiwa, akarudishiwa jozi sita. Siku ya tatu alivua aproni, akaenda kliniki bila miadi, akasema yote akiwa amesimama.

Daktari alifungua faili la Evangelina. Kisha akauliza, "Na vyake aliendelea kuvimeza?"

"Ndiyo. Lakini vyake vilikuwa vitupu."

"Alipolazwa, ilibidi tufungue siri ya dawa yake," alisema Daktari Rueda. Alivua miwani, akamtazama, na Yolima akaelewa. Alishika ukingo wa meza.

"Ni sisi tuliomfanya hivyo?"

"Mkanda wa jeshi unawapata hata wanaomeza kimoja kwa siku. Huenda ni kuzidisha dozi, huenda siyo. Hakuna atakayeweza kukuambia, mama, na mimi nisingependa kukudanganya."

Yolima alitolewa kwenye jaribio siku hiyohiyo. Alipouliza dawa itaanza kuuzwa lini, aliambiwa labda miaka minne, labda isiuzwe kabisa. Wiki ya saba baada ya hapo, akioga, maji yalishindwa kupita kwenye tundu la sakafu. Aliinama akazizoa nywele zake kwa vidole.

Alikwenda kwa Evangelina Jumapili moja, kichwa kimefungwa kitambaa. Mwalimu alimfungulia mlango mwenyewe. Hakuvaa kitu kichwani. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na ukungu mweupe, na kovu lilishuka kutoka kwenye paji la uso hadi puani.

"Pita," alisema. "Usinitazame kwa huruma, nitakufukuza."

Yolima alikaa. "Nisamehe, mwalimu."

"Kwa lipi? Mimi ndiye niliyekuomba." Evangelina alimimina kahawa akipapasa ukingo wa kikombe kwa kidole. "Jicho nimelizoea. Kinachoninyima raha ni kingine. Wamenieleza kwamba dawa yangu ilikuwa ya kweli tangu siku ya kwanza. Unaelewa? Nilipodhani nameza unga, nilikuwa na tumaini. Nilisema siku nikipewa yenyewe, zitaota. Kumbe yenyewe nilikuwa nayo."

"Nasikia Bogotá wanaanza jaribio lingine. Dawa tofauti."

"Nenda wewe. Kwako ilikubali."

"Hawanichukui. Nimeshaandikwa kwamba nilivunja masharti."

Evangelina alitikisa kichwa taratibu. Nje jirani alikuwa anafagia kibaraza chake, na walikaa wakimsikiliza mpaka akamaliza. Kisha Yolima akaviosha vikombe, akavifunika kwenye beseni, akamwuliza mwalimu kama aje tena Jumapili.

"Ukitaka," alisema Evangelina, uso ameugeuzia dirishani.